Sparta ilipataje kuishinda Athene baharini?

Mpenda_Kale

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za Vita vya Peloponesi, vilivyopiganwa kati ya Athene na Sparta pamoja na washirika wa kila upande tangu mwaka 431 hadi 404 KK, na lipo jambo moja ambalo sijapata maelezo yake ya kuniridhisha. Vita vilipoanza, mizani ya nguvu ilieleweka bila taabu. Sparta ilikuwa na jeshi la nchi kavu ambalo miji mingi ya Ugiriki haikuthubutu kukutana nalo uwanjani, na Athene ilikuwa na merikebu za kivita 300, akiba ya talanta 6,000 za fedha katika hazina ya Akropoli, na takriban talanta 600 zilizoingia kila mwaka kutoka miji iliyokuwa chini yake. Pericles, kiongozi wa Athene, aliwashauri wananchi wake wayaache mashamba ya Attica, nchi inayouzunguka mji wao, yachomwe, wahamie ndani ya kuta ndefu zilizouunganisha mji na bandari ya Piraeus, wale nafaka inayoletwa kwa bahari, na wasikubali kutoka kwenda kupigana na Wasparta ana kwa ana. Ushauri huo uliwaudhi wengi, maana si rahisi kusimama ukutani ukitazama shamba la babu yako likiteketea, lakini kihesabu ulikuwa na mantiki: adui asiye na merikebu angewezaje kuushinda mji unaolishwa na bahari?

Sasa tazameni mwisho wake. Mwaka 405 KK, kwenye ufuo wa Aegospotami katika mlango wa bahari wa Hellespont, ambao leo twauita Dardaneli, Lysander wa Sparta alizikamata karibu merikebu zote 180 za Athene kwa siku moja, na baada ya miezi kadhaa ya njaa mji ukasalimu amri. Maelezo ninayokutana nayo mara nyingi ni mawili, tauni na msafara wa kijeshi ambao Athene iliutuma Sisilia, na yote mawili yananiacha na kiu. Tauni iliingia mwaka 430 KK na Pericles mwenyewe akafa mwaka uliofuata, lakini miaka michache baadaye, mwaka 425 KK, Waathene waliwateka Wasparta katika kisiwa cha Sphacteria, jambo ambalo Wagiriki hawakulitarajia kabisa. Jeshi la Sisilia liliangamia mwaka 413 KK, lakini baada ya hapo Athene iliendelea kupigana kwa muda wa miaka minane, na mara kadhaa ikashinda. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaoifahamu historia hii kwa undani: ni nani aliyelipia merikebu za Sparta, ni nani aliyezipigia makasia, na kwa nini Waathene, waliokuwa mabaharia kizazi baada ya kizazi, hawakuweza kuzizuia?

Nahodha_wa_Zamani

Ndugu Mpenda_Kale, nadhani njia nzuri ya kulijibu swali lako ni kuanza na ujira wa mtu mmoja aliyekalia ubao wa kupigia makasia. Merikebu ya kivita ya zama zile, iliyoitwa triremi, ilibeba watu wapatao 200, na 170 kati yao walikuwa wapiga makasia waliopangwa kwa safu tatu, moja juu ya nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya vita, mpiga makasia wa Athene aliweza kulipwa hadi drakma moja kwa siku. Talanta moja ni drakma 6,000. Watu 200 kwa siku 30, basi, ni talanta moja kamili. Yaani kila merikebu iliyokuwa baharini ilikula takriban kilo 26 za madini ya fedha kwa mwezi, na hapo hujanunua mbao, lami, kamba wala matanga. Merikebu 60 zikikaa baharini kwa miezi minane, talanta 480 zimekwisha. Kuuzingira mji mmoja tu wa Potidaea kuliigharimu Athene talanta 2,000, ambayo ni theluthi ya ile akiba uliyoitaja.

Wapiga makasia hao hawakuwa watumwa waliofungwa minyororo kama tunavyoonyeshwa kwenye sinema. Kwa kawaida walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira: raia maskini wa Athene, wageni wakazi wa Piraeus, na wengi wengine kutoka visiwa vya Bahari ya Aegean. Mtu wa ujira huweza kuhamia kwa anayelipa zaidi, na jambo hili halikuwa siri kwa yeyote. Kabla vita havijaanza, Wakorintho waliwaeleza wenzao wa upande wa Sparta kwamba dawa ya Athene ni kukopa fedha za mahekalu ya Delphi na Olympia, kisha kuwavuta mabaharia wa kigeni kwa malipo makubwa kuliko wanayopata. Pericles aliijibu hoja hiyo kwa kusema kwamba washika usukani wa Athene ni raia wenyewe, na kwamba hakuna mgeni ambaye angekubali kufukuzwa kwao na kujiunga na upande dhaifu kwa sababu ya nyongeza ya siku chache. Naye Archidamus, mfalme wa Sparta, aliwaonya watu wake kwamba vita vya namna hii hutegemea fedha kuliko silaha, na kwamba wao hawana fedha katika hazina wala hawana desturi ya kuchangishana. Ukiwasikiliza hao wote pamoja, utaona kwamba walikubaliana kuhusu jambo lenyewe na wakatofautiana tu kuhusu atakayepata fedha hizo.

Kwa miaka kumi na tisa hivi, Pericles alikuwa sahihi. Sparta ilikuwa nchi ya mashamba yanayolimwa na maheloti, yaani wakulima waliofanywa watumwa wa dola, na haikuwa na sarafu ya maana ya kumlipa baharia yeyote. Merikebu zake zilitoka hasa Korintho na miji mingine ya pwani, na hata hizo hazikudumu. Mwaka 429 KK, kamanda wa Athene aitwaye Phormio, akiwa na merikebu 20 tu, alikutana na merikebu 47 za adui kwenye mlango wa Ghuba ya Korintho. Adui walijipanga duara, omo zikitazama nje, na Phormio akawazunguka akiwasogelea kidogo kidogo huku akingoja upepo unaovuma kutoka ghubani alfajiri. Upepo ulipokuja, merikebu za adui zilianza kugongana, watu wakazisukumana kwa miti huku wakipiga kelele na kutukanana hata amri za makapteni zisisikike, na hapo ndipo Phormio alipotoa ishara ya kushambulia. Mwaka 425 KK, wakati wa mapatano ya muda kule Pylos, karibu na Sphacteria, Wasparta walikabidhi merikebu zao zipatazo 60 kama dhamana. Waathene wakadai kwamba masharti yamevunjwa, wakakataa kuzirudisha. Kuanzia hapo Sparta haikuwa na jeshi la majini la kuhesabika kwa miaka mingi.

Kilichobadilika ni Uajemi. Waathene walimuunga mkono Amorges, muasi aliyempinga mfalme wa Uajemi huko Karia, na tendo hilo la kizembe lilimpa Mfalme Darius wa Pili sababu ya kuingilia kati wakati uleule ambapo msiba wa Sisilia ulikuwa umeionyesha dunia kwamba Athene inaweza kushindwa. Katika mwaka 412 na 411 KK, Sparta ilitia saini mikataba mitatu na Waajemi. Waajemi walilipia wanamaji, na Sparta, ambayo ilikuwa imetangaza kwamba inapigana ili kuwakomboa Wagiriki, ikaikubali haki ya mfalme juu ya miji ya Kigiriki iliyoko Asia. Mwanzoni malipo yalikuwa ya kusuasua, kwa kuwa gavana Tissaphernes aliona faida kuwaacha Wagiriki wadhoofishane, akapunguza ujira uliokuwa umeahidiwa hadi oboli tatu, yaani nusu drakma.

Angalieni kilichotokea mwaka 410 KK huko Cyzicus, kwa sababu hapo ndipo siri yote ilipo. Waathene waliziteka karibu merikebu zote za Sparta hata ikatumwa nyumbani barua yenye maneno machache sana, ambayo Waathene waliikamata njiani: merikebu zimepotea, Mindarus (kamanda wao) amekufa, watu wana njaa, hatujui la kufanya. Katika miaka ya nyuma, kipigo cha namna hiyo kingeumaliza mchezo. Safari hii gavana mwingine wa Uajemi, Pharnabazus, alimpa kila baharia joho na posho ya miezi miwili, akawaambia wasisikitikie mbao kwa kuwa nchi ya mfalme imejaa miti, kisha akawaelekeza wakate magogo Mlima Ida na kujenga merikebu nyingine. Mwaka 407 KK akaja Cyrus, mtoto wa mfalme, na talanta 500, akisema kwamba zikiisha atakivunja hata kiti chake cha enzi cha dhahabu na fedha. Lysander alipokuwa naye kwenye chakula, Cyrus alimuuliza ni jambo gani lingemfurahisha zaidi, na Lysander akaomba oboli moja iongezwe kwenye ujira wa kila baharia, zikawa nne badala ya tatu. Ombi hilo lina akili kuliko ushindi mwingi wa uwanjani ambao Sparta ilijivunia. Tangu siku hiyo Sparta iliweza kupoteza merikebu na kuzipata tena, wakati Athene haikuweza kupoteza hata mara moja.

Bi_Kitabu

Nimeisoma hoja ya Nahodha kwa makini na sina ugomvi na hesabu zake, lakini naona ameisukuma mbali kupita inakoweza kufika. Fedha za Uajemi zinaeleza kwa nini Sparta haikutoka vitani. Hazielezi kwa nini Athene ilishindwa. Fikirini mwaka 406 KK. Waathene, baada ya kuzingirwa merikebu zao huko Mytilene, waliandaa merikebu 110 kwa siku 30, wakapakia kila mwanamume mwenye umri wa kupigana, huru na mtumwa, na kuwaahidi watumwa uhuru. Kundi hilo la watu waliokusanywa harakaharaka likaenda kwenye visiwa vya Arginusae na kuvishinda vikosi vya Sparta vilivyolipwa vizuri, vikapoteza merikebu zaidi ya 70 pamoja na kamanda wao Callicratidas. Ikiwa mwenye kulipa zaidi ndiye mshindi, ushindi huo ulitoka wapi?

Kilichofuata ndicho ambacho mimi ningekiweka katikati ya jibu. Baada ya vita ilizuka dhoruba, na mabaharia wa merikebu 25 za Athene zilizovunjika wakaachwa baharini bila kuokolewa. Mkutano wa wananchi ukawashtaki majemadari wote wanane kwa pamoja, kinyume cha utaratibu uliomtaka kila mtu ahukumiwe peke yake. Socrates, ambaye siku hiyo alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kikao, alikataa kuliunga mkono pendekezo hilo, lakini likapita. Sita waliokuwepo mjini waliuawa, akiwemo mtoto wa Pericles. Alcibiades, jemadari mashuhuri wa Athene, alikuwa ameshaondoka kwa hasira baada ya mshika usukani wake kupoteza merikebu huko Notium. Basi mji uliokuwa umeshinda vita kubwa ya majini ulijikuta, ndani ya mwaka mmoja, umewaua au kuwafukuza karibu wote waliojua kuziongoza merikebu zake, na wale waliobaki walikuwa wamejifunza kwamba kushinda nako kunaweza kumfikisha mtu kwenye sumu.

Na sasa Aegospotami yenyewe, ambayo watu huipita haraka mno. Triremi ilikuwa chombo chembamba na chepesi kisicho na nafasi ya kupika wala kulala, kwa hiyo mabaharia walilazimika kushuka pwani kula, na chombo chenyewe kilihitaji kupandishwa ufukweni ili mbao zikauke. Anayechagua ufuo, basi, amechagua pia mahali pa kula. Lysander alikuwa upande wa pili, Lampsacus, mji wenye bandari na chakula tele. Waathene walijipanga ng'ambo yake kwenye ufuo mtupu usio na bandari wala soko, na chakula ikabidi kitafutwe mbali, kwa upande wa Sestos. Kila asubuhi walijipanga majini wakimtaka Lysander atoke, naye hakutoka. Kila jioni walirudi ufukweni na kutawanyika kwenda kutafuta chakula, huku mashua za Lysander zikiwafuata kuona wanavyofanya. Alcibiades, aliyekuwa akiishi karibu katika ngome yake mwenyewe, alikwenda kuwaonya majemadari kwamba mahali hapo si pa kukaa na kuwashauri wahamie Sestos. Wakamjibu kwamba wao ndio wenye amri sasa, si yeye. Siku ya tano, mashua ya upelelezi iliinua ngao kama ishara, na Lysander akavuka. Merikebu nyingine zilikuwa na safu mbili tu za makasia zenye watu, nyingine moja, nyingine tupu kabisa. Conon, mmoja wa majemadari wa Athene, aliponyoka na merikebu chache. Zilizosalia zilitekwa ufukweni karibu bila mapigano.

Kinachonishangaza ni kwamba Waathene walikuwa wameshapigwa kwa hila ya chakula mara moja kabla ya hapo. Mwaka 413 KK, katika bandari ya Syracuse, mji wa Sisilia, mshika usukani wa Kikorintho aliyeitwa Ariston alishauri soko lihamishiwe ukingoni mwa bahari. Wasirakusa walirudi nyuma adhuhuri kana kwamba siku imekwisha, wakala palepale kando ya merikebu zao, wakarudi vitani upesi. Waathene, wakidhani kazi imeisha, walikuwa wameshashuka kushughulikia chakula chao, na wengi walilazimika kuingia tena majini wakiwa na njaa. Miaka minane baadaye kosa ni lilelile. Hapo siioni oboli ya Cyrus popote. Naona uongozi mbovu.

Mpenda_Kale

Nawashukuru nyote wawili, maana mmenifungua macho kwa njia mbili tofauti. Naomba niongeze maswali mawili. La kwanza, kama mapato ya Athene yalikuwa makubwa kiasi kile, yalipotelea wapi hata mji ukashindwa kushindana na mfuko wa Uajemi? La pili, nimesoma kwamba Korintho na Thebes walitaka Athene ivunjwe kabisa na watu wake wauzwe utumwani, na Sparta ikakataa. Kwa nini ikatae, ilhali ilikuwa imepigana kwa miaka 27?

Mkulima_Msomi

Nitajibu swali la kwanza, kwa kuwa linahusu ardhi, na kila mtu akizungumzia vita hivi hukimbilia baharini.

Katika miaka ya mwanzo, Wasparta waliivamia Attica wakati wa kiangazi, wakaharibu mazao, kisha wakarudi kwao. Uvamizi mrefu kuliko wote ulichukua siku 40, na mfupi siku 15. Mkulima wa Athene alipata hasara kubwa, lakini baada ya adui kuondoka aliweza kutoka nje ya kuta na kulima tena. Kisha Alcibiades, alipokimbilia Sparta kuepuka mashtaka ya kuzikashifu ibada za mji wake, aliwafundisha maadui jambo ambalo hawakuwahi kulifanya: wajenge ngome Dekeleia, ndani ya Attica kwenyewe, na wakae humo mwaka mzima. Mfalme Agis wa Sparta alifanya hivyo mwaka 413 KK. Dekeleia iko takriban kilomita 20 kutoka Athene, na kutoka mjini inaonekana.

Kuanzia hapo Athene haikuwa tena mji wenye nchi. Zaidi ya watumwa 20,000 walitoroka, na wengi wao walikuwa mafundi, hasara isiyofidiwa kwa msimu mmoja wa mavuno. Kondoo na wanyama wa kukokota mizigo wakapotea. Farasi waliokuwa wakitoka kila siku kupambana na wavamizi waliumia kwato kwenye ardhi yenye mawe. Nafaka ya Euboea, iliyokuwa ikipitia njia fupi ya nchi kavu kando ya Dekeleia, ikabidi izungushwe kwa bahari kupita rasi ya Sounion kwa gharama kubwa. Machimbo ya fedha ya Laurion, ambayo ndiyo yaliyokuwa chanzo cha sarafu ya Athene, hayakuweza kuendelea kama zamani bila watu wa kuyachimba. Mchana wananchi walilinda kuta kwa zamu, usiku karibu wote wakawa macho.

Upande wa washirika nako mambo yaliharibika. Mwaka 425 KK, Athene ilikuwa imekipandisha kiwango cha kodi ya miji hiyo hadi zaidi ya talanta 1,400 kwa makadirio yake, na mji unaotozwa hivyo hungoja tu nafasi ya kuasi. Mwaka 413 KK kodi ikaondolewa, ukawekwa ushuru wa sehemu moja kwa ishirini juu ya bidhaa zote zipitazo baharini, kwa matumaini kwamba ungeingiza zaidi. Mwaka uliofuata Chios iliasi, na Waathene wakazigusa zile talanta 1,000 ambazo walikuwa wameziweka kando tangu mwanzo wa vita kwa sheria iliyotoa adhabu ya kifo kwa yeyote atakayependekeza zitumiwe, isipokuwa adui aje kwa merikebu kuushambulia mji wenyewe. Kufikia mwaka 406 KK, walikuwa wakiyeyusha sanamu za dhahabu za mungu wao wa kike wa ushindi ili wapate sarafu, na nyumbani wakitumia shaba iliyopakwa fedha juu.

Nina hoja moja kwa Bi_Kitabu na Nahodha kwa pamoja. Siku moja Agis, akiwa Dekeleia, aliziona merikebu nyingi za nafaka zikiingia Piraeus, akasema kwamba kuwafungia Waathene mashamba hakuna faida iwapo hakuna atakayeikamata njia ambayo nafaka hiyo hupitia. Nafaka hiyo ilitoka Bahari Nyeusi na kupita Hellespont. Ndiyo maana karibu vita vyote vikubwa vya miaka ya mwisho vilipiganwa huko kaskazini, na ndiyo maana majemadari wa Athene walibaki kwenye ufuo ule mbaya wa Aegospotami: Lysander alikuwa amekaa kwenye koo la mji wao, na kila siku waliyomwacha hapo ilikuwa siku ya kukosa mkate nyumbani. Sisemi kwamba hawakukosea. Nasema kwamba watu wasio na akiba hukosea kwa haraka kuliko wenye akiba.

Nahodha_wa_Zamani

Hoja ya Mkulima_Msomi inanisaidia kumjibu Bi_Kitabu. Ushindi wa Arginusae ulilipiwa kwa dhahabu ya sanamu na kupiganwa na watumwa walioahidiwa uhuru. Mtu anaweza kufanya hivyo mara moja. Hata hivyo nakubali kwamba kuwaua majemadari kulikuwa wazimu, na kwamba hakuna hesabu ya talanta inayoweza kukufanya ukae siku tano mahali pasipo na soko.

Kuhusu swali la pili la Ndugu Mpenda_Kale, sababu ambayo Wasparta walitoa ni kwamba hawawezi kuutia utumwani mji uliowatendea Wagiriki mema makubwa wakati wa hatari kuu, yaani wakati wa uvamizi wa Waajemi mwaka 480 na 479 KK. Sina haja ya kuibeza kauli hiyo, lakini tukumbuke kwamba Waathene wenyewe walikuwa wameogopa kutendewa kama walivyowatendea watu wa kisiwa cha Melos mwaka 416 KK, ambapo wanaume wazima waliotekwa waliuawa, na wanawake na watoto wakauzwa. Sababu nyingine iko kwenye ramani. Thebes inapakana na Attica kwa upande wa kaskazini, na Athene ikiwa tupu, atakayenufaika wa kwanza ni Thebes. Sparta ilipendelea Athene dhaifu inayoitii kuliko Thebes yenye nguvu isiyoitii. Masharti yakawa hayo: kuta ndefu na kuta za Piraeus zibomolewe, merikebu zote zikabidhiwe isipokuwa 12, waliofukuzwa warudishwe, na Athene iwe na marafiki na maadui walewale wa Sparta. Kuta zilianza kubomolewa kwa muziki wa wasichana wapiga filimbi, na washindi wakidhani kwamba siku hiyo ndiyo mwanzo wa uhuru wa Ugiriki.

Wasparta hawakukosea kuwashuku Thebes. Mwaka 395 KK, Thebes na Korintho, walewale waliotaka Athene ifutwe, waliingia vitani dhidi ya Sparta wakiwa upande mmoja na Athene. Sparta wakati huo ilikuwa imegombana na Uajemi kwa sababu ya ile miji ya Asia iliyokuwa imeiuza mwaka 412 KK. Conon, yule aliyeponyoka Aegospotami, alipewa amri ya merikebu zilizolipiwa na mfalme wa Uajemi, na mwaka 394 KK huko Cnidus akavunja jeshi la majini la Sparta. Mwaka uliofuata Pharnabazus, yuleyule aliyewagawia mabaharia wa Sparta majoho baada ya Cyzicus, alimpa Conon fedha na wapiga makasia waende Piraeus kusaidia kuzijenga upya kuta ndefu. Ilipofika mwaka 386 KK, Uajemi ikaona kwamba Athene sasa inapanda mno, ikarudi upande wa Sparta, na Mfalme Artaxerxes akawapelekea Wagiriki masharti ya amani ambayo la kwanza lilisema kwamba miji ya Asia ni mali yake.